Boeing 737 za kwenye simyuleta: yanayosemwa na yalivyo kweli

Sisi wa Magongo, Mombasa, tumekulia chini ya ndege. Ikipita moja ikishuka uwanja wa Moi, mazungumzo husimama mpaka mlio upite, kisha lazima mtu aulize: "Hiyo ilikuwa gani?" Juzi swali kama hilo limezuka sebuleni kwangu, ila ndege yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa amepakua Boeing 737-300 ya simyuleta, ile programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, akawa anaizungusha aione kila upande. Akaniita.

"Ami, hebu njoo. Hawa waliochora hii wamekosea. Tazama injini, chini imebonyea."

Alikuwa na hakika kabisa. Na si yeye wa kwanza. Hii ya injini nimeisikia kuliko zote, ndiyo maana naanza nayo.

Injini ya 737-300 imebonyea kweli. Ukisimama mbele ya ile halisi utaona mdomo wake si duara: juu umeviringa, chini umelala bapa, na mashavu yametuna huku na huku. Asili ya jambo hili ni 737 ya kwanza kabisa, iliyopaa Aprili 1967. Boeing waliiweka karibu na ardhi makusudi, ili kwenye viwanja vidogo mizigo ipakiwe kwa mikono na fundi azifikie injini bila kutafuta ngazi ndefu. Injini za wakati huo, JT8D, zilikuwa nyembamba na ndefu kama bomba. Zilibanwa chini ya bawa na nafasi ikatosha.

Kisha ikaja injini ya CFM56. Hii inakula mafuta machache na kelele zake ni ndogo, kwa sababu feni yake ya mbele ni pana na husukuma hewa nyingi pole pole. Sasa feni ni pana na ndege ni fupi ya miguu, utafanyaje? Wahandisi walifanya mambo manne. Feni ilipunguzwa hadi upana wa inchi 60, yaani kama sentimita 152. Injini ikatolewa mbele ya bawa badala ya kukaa chini yake. Mguu wa mbele wa ndege ukarefushwa kidogo. Na vile vifaa ambavyo kwa kawaida huning'inia tumboni mwa injini, yaani sanduku la gia, pampu na jenereta, vikahamishiwa ubavuni. Tumbo likabaki bapa, mashavu yakatuna. -300 ikapaa mara ya kwanza Februari 1984 ikiwa na umbo hilo hilo. Nikamwambia kijana aizungushe tena, safari hii atazame mashavu. Akatazama, akanyamaza. Aliyeichora ndege ile aliijua kazi yake, naye anastahili shukrani.

Umbo hilo hulioni kwa macho tu, hata mkononi unalihisi. Injini ziko chini ya kitovu cha uzito wa ndege, kwa hiyo ukizipa nguvu ghafla pua huinuka. Umekaribia kutua, umeghairi, umesukuma mikono ya injini mpaka mbele: lazima uizuie pua kwa usukani, la sivyo itapanda huku mwendo unapungua. Watu hulalamika kwamba simyuleta "inavuta juu yenyewe". Ndege yenyewe ndivyo ilivyo.

Jingine ni jina. Vijana wengi wakisikia 737 "Classic" hudhani ni ile kongwe kuliko zote, ya injini nyembamba. Classic ni tatu tu: -300, -400 na -500. Za kabla yake, -100 na -200, ni kizazi cha mwanzo. Zilizokuja baadaye, -600 mpaka -900, ni kizazi kingine tena chenye bawa jipya. Sisi wa hapa tuna bahati, kwa sababu Kenya Airways imewahi kurusha -200, ikarusha -300, na baadaye ikaleta -700 na -800. Mzee anayekwambia 737 ya zamani ilikuwa ikipasua masikio na kijana anayesema 737 haina kelele wote wanasema kweli. Kila mmoja anasema juu ya ndege yake.

Halafu kuna hesabu ya namba. "Namba ikizidi, ndege imezidi." Mantiki yake ni nzuri, lakini haishiki. -300 ina urefu wa mita 33.4. -400 ni mita 36.4 au zaidi kidogo. -500, ambayo ndiyo iliyokuja mwisho, ni mita 31 tu! Ilitengenezwa kuchukua nafasi ya -200, nayo inaizidi -200 kwa nusu mita hivi. Ukitaka kuzitambua haraka, hesabu milango ya dharura juu ya bawa: -400 ina miwili kila upande, -300 na -500 zina mmoja mmoja.

Sasa nije kwenye dhana inayoniumiza kuliko zote: kwamba tofauti ya matoleo haya ni rangi na urefu tu, kwa hiyo ukishaijua moja umezijua zote. Hii ndiyo inayowafanya watu wakwaruze mkia. -400 ina kiwiliwili kirefu nyuma ya magurudumu, ndiyo maana Boeing waliiwekea kizuizi chini ya mkia kipokee pigo lami ikiguswa. Ukiinyanyua pua yake kwa pupa uliyoizoea kwenye -500, mkia utafika chini kabla magurudumu hayajaondoka. -500 nayo ni nyepesi, na injini ni za ukoo ule ule, kwa hiyo hupanda kama imerushwa kwa manati. Ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na tabia yake.

Tatizo ni kwamba ndege nyingi za bure za simyuleta hazifuati hilo. Mtu huchora umbo la -300 zuri sana, kisha ndani yake huweka mwenendo wa ndege nyingine aliyoikuta tayari. Kwenye simyuleta za Microsoft ni rahisi kuelewa jaribu hilo linatoka wapi: ile iliyoitwa Flight Simulator 2004 ilikuja na 737-400, na FSX ya 2006 ikaja na 737-800. Kwa hizi za bure, usiamini jina. Fungua faili la aircraft.cfg kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi, utafute mistari miwili. Wa kwanza ni max_gross_weight, uzito wa juu kwa ratili. -300 nzito kabisa huwa karibu na 138,500. Wa pili ni static_thrust, msukumo wa kila injini. Kwa -300 tarajia 20,000 au 22,000, na kwa -400 hufika 23,500. Ukikuta 174,200 kwenye uzito na 27,300 kwenye msukumo, uliyopakua ni -800 iliyovishwa kanzu ya -300. Nilifanya hivyo kwa ile ya kijana, na namba zake zilikuwa za -400. Tulizibadilisha pamoja, mstari kwa mstari, baada ya kuhifadhi nakala ya faili la zamani.

Kuhusu chumba cha rubani niseme machache. Ukiona saa za mishale badala ya skrini, usikimbilie kusema ni -200. -300 za mwanzo zilitoka kiwandani na saa za mishale, na mashirika mengine yaliendelea kuzitaka hivyo hivyo.

Kuna na hili la joto, ambalo ni letu hasa. Husemwa kwamba kupaa Mombasa ni kugumu kuliko Nairobi kwa sababu ya jua letu. Joto hupunguza nguvu za ndege, hilo ni kweli. Lakini uwanja wa Moi uko mita 61 tu juu ya bahari, na Jomo Kenyatta uko mita 1,624. Hewa ya kule juu ni nyepesi mno hata siku ya baridi. Chukua ndege inayonyanyuka kipimo kikisoma noti 140, noti moja ikiwa maili moja ya baharini kwa saa. Mombasa kwenye nyuzi 31, bila upepo, magurudumu yatakuwa yanakwenda kama noti 144 halisi. Nairobi kwenye nyuzi 25 yatakuwa yanakwenda kama 157. Injini nazo zimepungukiwa hewa, kwa hiyo lami ya kule inaliwa upesi. Barabara yetu kuu ya kurukia ina mita 3,350, na kaskazi ikivuma unaelekea 03, yaani kama nyuzi 30 za dira, upepo ukikupiga usoni. -300 isiyojazwa sana hapa huondoka bila hata kupewa nguvu zote za injini, na ndivyo marubani wenyewe hufanya kila wanapopata nafasi, kuzitunza injini.

Kijana alipomaliza kurekebisha namba aliniambia sasa anakwenda Frankfurt moja kwa moja, kama ndege za watalii. Hizo ni ndege nyingine. Condor, kwa mfano, waliwaleta Wajerumani hapa kwa 767. Kutoka Mombasa mpaka Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, na -300 iliyojaa abiria hufika kama 4,200 ndipo mafuta yanaisha. Tukapanga upya: atue Khartoum, ajaze, atue Athens, ajaze tena, ndipo amalizie. Alipaa saa tatu usiku, pua ikinyanyuka taratibu, na niliposhuka kitandani alfajiri bado alikuwa macho, anaitafuta Athens.