Mlio kukatika si kupona

“Mlio wa masikioni umeshakata, dada. Nimepona.” Nimeichoka sentensi hii. Naisikia kila wiki inapoanza, hapa kusini mwa London ninapopima usikivu wa watu, kutoka kwa vijana waliokesha Jumamosi kwenye rege na dubstep, muziki wa kielektroniki wenye besi nzito. Wanaokuja kwangu na Kiswahili chao, wa Nairobi, wa Tanga, wa Bukavu, huongeza na la pili: “Masikio yangu yameshazoea.” Basi leo nayaandika yote mahali pamoja, ili nikiambiwa tena nimtumie mtu asome badala ya kubishana naye mlangoni.

Naanza na hilo la mlio kwa kuwa ndilo linalonikera kuliko yote. Ndani ya koklea ya kila sikio, ile sehemu ya ndani iliyojiviringa kama konokono, kuna seli za vinyweleo zipatazo 15,500. Kama 12,000 ni za nje, kazi yake kukuza sauti. Zile 3,500 hivi za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye neva ya usikivu. Ukisimama kwa saa nne mbele ya spika, seli za nje huchoka na usikivu hushuka. Ndio ule uzito wa masikio unaotoka nao ukumbini saa kumi usiku, basi likakupita karibu na usilisikie vizuri. Ubongo nao, ukikosa habari uliyozoea kupokea, hujiongezea sauti wenyewe, na hapo ndipo mlio unapozuka. Baada ya siku moja au mbili, seli zilizochoka bila kufa hurudi kazini na mlio hukata. Zilizokufa zimekwenda. Kuku akipoteza seli hizo huotesha nyingine. Binadamu hana bahati hiyo.

Hadi hapo watu hunielewa. Tunapoachana ni hapa: hata kama hakuna seli iliyokufa, na kipimo kimerudi safi kabisa, hasara bado inaweza kuwepo. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walichapisha utafiti wa panya waliowekwa kwenye kelele ya desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa mbili tu. Wiki chache baadaye usikivu wa panya ulikuwa umerudi na seli za vinyweleo zilikuwepo. Lakini walipohesabu sinapsi, pale seli ya ndani inapokutana na neva, karibu nusu zilikuwa zimetoweka kwenye eneo la sauti za juu, na neva zenyewe zikaendelea kufa polepole kwa miezi mingi. Kwa binadamu wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani, maana huwezi kumfungua mtu hai sikio ukahesabu. Mimi kwenye shaka hiyo namhesabu mgonjwa wangu kuwa panya, na asinikasirikie.

Ninayoyaona kwenye chumba cha kupimia yananisukuma huko. Mtu anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe kwa kila sauti ninayompigia, hata ile ndogo kabisa ya hezi 4,000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba), na odiogramu, mchoro wa usikivu wake, inatoka ya kupigiwa mfano. Ananitazama kwa ushindi. Halafu nawasha kipimo cha pili: sentensi fupi zinasomwa huku nyuma yake kuna kelele za mgahawa. Anakunja uso. Anainama mbele kwenye kiti, ingawa sauti inatoka kwenye hedifoni alizovaa. “Namsikia,” ananiambia, “ila maneno siyapati.” Ukimhoji zaidi utakuta nyumbani ameshaanza kumlaumu mkewe kwamba anaongea kwa kumung'unya. Na huyu ndiye aliyeingia akiniambia amepona.

La kuzoea lisituchukulie muda. Sikio halizoei. Ukiingia saa tano unaona muziki mkali, ikifika saa saba unauona wa kawaida: muziki haujapungua, umepungua wewe. DJ naye amepungua, ndiyo maana saa nane anapandisha. (Na wewe wa Nairobi unayecheka, matatu ya Rongai na muziki wake ni mkesha wa kila asubuhi.)

Mashabiki wa muziki huu wana dhana yao maalumu, kwamba adui ni besi. Naelewa inakotoka. Ile mitambo ya rege ambayo Wajamaika waliileta Uingereza, minara ya spika iliyojengwa kwa mkono, iliundwa kwa ajili ya besi, na Jah Shaka, mpigaji wa dub (rege ya besi na mwangwi), alikesha na mtambo wake London kwa miongo kadhaa. Dubstep ilipochipuka Croydon, hukuhuku kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilirithi ugonjwa huohuo. Vijana wa DMZ, kundi la wapigaji wa dubstep, waliipiga Brixton kwenye ukumbi uliokuwa ndani ya kanisa la St Matthew, besi ikitikisa mpaka suruali. Kifua kikitetemeka hivyo, mtu anaamini hatari iko hapo.

Haiko hapo, au tuseme si hapo kwanza. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kabisa, zile za hezi 40 na 50. Tundu la sikio lenyewe huzidisha sauti zilizo karibu na hezi 3,000, na kwa mtu aliyeumizwa na kelele, shimo la kwanza kwenye odiogramu hutokea kati ya 3,000 na 6,000, mara nyingi kwenye 4,000. Kinachokutafuna ni twita na honi, zile spika za sauti nyembamba zilizoko juu ya mnara: matoazi, ving'ora ambavyo mitambo ya dub haiwezi kukaa bila kuvipiga, na MC anayepayuka. Sisemi ukakumbatie sabufa, spika ya besi, kwa sababu besi ya kupita kiasi nayo inaumiza. Ila nikikukuta umejibanza kukwepa besi huku honi inakutazama usoni, nitacheka.

“Lakini sikusikia maumivu.” Maumivu huanza kwenye desibeli 120 hivi. Kipimo cha wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwenye 100 una robo saa. Mkesha ni saa ngapi?

“Ingekuwa hatari, serikali ingefunga.” Kanuni za kelele kazini za Uingereza ni za mwaka 2005, na kumbi za muziki zilianza kubanwa nazo 2008, lakini zinamlinda mfanyakazi. Kelele ikifika wastani wa desibeli 85 kwa siku, mwajiri lazima ampe kinga na ahakikishe anaivaa. Wewe uliyelipa kiingilio hazikulindi. Ndiyo maana anayekuuzia bia ana viziba masikio na wewe huna. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi mwaka 2022: wastani wa kila dakika 15 usizidi desibeli 100, viziba vitolewe, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Mwongozo mzuri. Si sheria.

Karatasi ya chooni na pamba hazizuii cha maana, na nimechoka kuzitoa kwa koleo. Mafuta ya kitunguu saumu hayafiki kwenye koklea, kwa kuwa kiwambo cha sikio kiko njiani. Utakachopata ni muwasho. Aspirini kwa wingi huleta mlio yenyewe, kwa hiyo kumeza vidonge ili kuutuliza ni kujitafutia mwingine.

Jambo moja tu halingoji miadi yangu wala ya mtu yeyote: sikio moja likizima ghafla na kubaki limezima. Usisubiri lifunguke. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za steroidi zinavyochelewa ndivyo zinavyozidi kupoteza nguvu.

Ya mwisho ni ya wale wanaojiona wajuzi: “Viziba vinaua muziki.” Vya sponji, kweli, hupunguza zaidi sauti za juu, na kila kitu kinasikika kimefunikwa. Vyenye kichujio hupunguza sauti zote karibu sawasawa, kwa desibeli 15 hadi 20, na besi ya dub utaipata kifuani hata kama masikio yameziba. Rudi kwenye hesabu yetu: ukishusha 100 hadi 85, robo saa inakuwa saa nane. Kwa pesa za vinywaji viwili vya London hujapata kitu chenye faida kuliko hicho, na mimi nisiyeuza hata kimoja nakwambia ukifunge kwenye funguo zako za nyumbani ili usikisahau.

Ukiwa huna hivyo, sponji inatosha, sharti uivae vizuri, na wengi hawajui. Ivingirishe kwa vidole mpaka iwe nyembamba. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ndipo uisukume ndani na kuishikilia kwa kidole nusu dakika hadi ivimbe. Kisha guna kidogo. Sauti yako ikiwa nzito na ya ndani ya kichwa, imekaa. Ikiwa vilevile, umeiweka mlangoni tu, itoe uanze upya. Fanya hivyo nje, kwenye foleni, na mwenzio umfundishe hukohuko, kwa sababu mkishaingia hatakusikia.