Kobe wako hajalala, anaumwa

Kila kipupwe kikiingia, wakati mikorosho inapulizwa salfa, ile dawa ya unga, naanza kuletewa kobe ndani ya maboksi. Maneno ni yale yale: "Daktari, huyu amelala, lakini naona amezidi." Mmoja aliletwa kutoka Mikindani mwezi Agosti, hajala tangu Juni. Mwenyewe alimfunika magunia stoo, kwa mapenzi kabisa, asisumbuliwe. Puani mapovu, macho yamevimba na kufumba. Hakupona, na iliniuma kwa sababu wiki mbili za mwanzo angetibika.

Kobe wetu mkubwa, yule wa madoa meusi na manjano, hana usingizi wa msimu wa baridi. Wanaolala miezi ni kobe wa nchi za Mediterania, na hao ndio mnaowaona kwenye video wakiwekwa ndani ya friji. Hulazwa kwenye nyuzijoto 5 hivi, tumbo tupu, mwili umekaribia kuzima. Usiku wa Julai hapa Mtwara mjini ni nyuzi 19 au 20. Hiyo si baridi ya kumlaza kobe. Mwili unaendelea kula akiba yake, na kama mchana kutwa yuko kivulini, hapati joto la kusaga chakula. Majani yanachachia tumboni, kinga inashuka, mafua yanaingia. Na kobe hana msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, wa kumwezesha kukohoa kama sisi. Kamasi likishuka mapafuni halina pa kutokea. Kwa hiyo anayenyamaza Julai mimi namhesabu mgonjwa hadi nimpime.

Yule mdogo ambaye gamba lake hukunjika kwa nyuma hujificha kweli porini, ila anakimbia ukame, si baridi.

Je, akae nje? Akae! Mtwara na Lindi mjini nje ndiko kwake, mradi banda liwe kavu, mlango uelekee mashariki apate jua la asubuhi, na mgongo wa banda uukinge upepo wa kusi. Sakafu ya saruji itandikwe nyasi kavu nyingi. Walioko Newala na kwingine juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukungu, wamwingize ndani usiku. Na tafadhali, asichunge chini ya mikorosho siku za kupuliza: vumbi la salfa linawasha macho na mapafu yake kama yako.

Nikipewa ruhusa ya kusisitiza jambo moja tu, ni mizani. Mpime kila Ijumaa, andika kwenye kalenda. Macho yanadanganyika na gamba, kwani gamba halikondi, gramu hazidanganyi.

Eti kobe hanywi maji. Anakunywa, tena sana. Sinia pana lenye kina kifupi, na kila wiki mwogeshe maji vuguvugu yasiyozidi kidevu, robo saa. Usimtumbukize kwenye pipa ukidhani ni kasa, atazama.

Eti gamba ni kama kucha, halisikii. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu. Kulitoboa ili upitishe kamba ni ukatili, na kidonda chake huoza polepole kwa ndani.

Eti anakula chochote. Wali, ugali na mkate vinamharibu. Mpe nyasi kwanza, kisha majani mengine. Kisamvu kibichi kina sumu, usimpe. Kwa ajili ya gamba, mwekee kifupa cheupe cha ngisi, kile kinachookotwa ufukweni, ajitafunie.

Na huyo uliyemwokota shambani ni mnyamapori; Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhusu, hata kama hang'ati mtu. Ulizia kibali kabla ya kujenga banda.

Akiacha kula siku tatu wakati jua lipo, mlete. Usimpe vidonge vilivyobaki vya mtoto. Njoo na kinyesi chake cha asubuhi kwenye kikopo safi, na ile kalenda ya uzito.