Safari ya gharama nafuu na marafiki barani Ulaya: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Anayeishi Ulaya kwa masomo au kwa kazi yuko saa chache tu kutoka miji ambayo wengine huiona kwenye picha, lakini wengi wetu humaliza miaka miwili au mitatu bila kuvuka mpaka hata mmoja, kwa kuwa tuliyaamini maneno ya waliotutangulia kwamba kutembea ni anasa ya wenye pasipoti za huko. Wengine husafiri, kisha hurudi na madeni na wakiwa wamenuniana, kwa kuwa waliamini maneno ya aina nyingine, yale ya ndege ya euro 20 na ya kwamba kundi likiwa kubwa kila mtu hulipa kidogo. Nimepanga safari za namna hii na marafiki kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba makosa mengi yana chanzo kimoja: watu huhesabu nauli na kuisahau kadi ya kibali cha ukaazi iliyomo mfukoni, ilhali kadi hiyo ndiyo inayoamua mtu atavuka mpaka gani, atalipa bei kamili wapi na ataingia bure wapi.

Dhana: Kibali cha ukaazi cha nchi moja hukufungulia Ulaya nzima

Kibali kilichotolewa na nchi iliyomo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kufuta ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, kikiambatana na pasipoti ambayo muda wake haujaisha, humruhusu mwenye nacho kutembelea nchi nyingine za eneo hilo bila viza kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na siku anazokaa katika nchi iliyompa kibali hazihesabiwi humo. Nchi hizo ni 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Hata hivyo, mpaka wa Schengen haufuati mpaka wa Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo wengi hujikwaa: Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo katika Schengen ingawa si wanachama wa Umoja huo, ilhali Ayalandi na Saiprasi ni wanachama lakini hazimo katika Schengen. Uingereza haimo kokote kati ya huku na huko. Kundi linalotaka kupitia Dublin au London lazima kwanza liangalie pasipoti ya kila mmoja, kwa kuwa wawili wanaweza kupita bila viza na wa tatu akalazimika kuomba viza ambayo ada yake peke yake inazidi nauli ya kwenda na kurudi.

Dhana hii ina pacha wake, yaani imani kwamba ndani ya Schengen hakuna anayeulizwa hati. Sheria za eneo hilo huziruhusu nchi kurejesha ukaguzi wa mipakani kwa muda, na Ujerumani ilifanya hivyo kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Tulipokuwa tukirudi kutoka Prague watu watano kwa basi la usiku, askari walipanda na kuomba hati, na mwenzetu mmoja alikuwa na kadi ya ukaazi peke yake, kwa kuwa pasipoti aliiacha chumbani akihofia kuibiwa. Alishushwa ili ahakikiwe, wawili wetu tukashuka naye, basi likaondoka, na tulipomalizana na ukaguzi kulipokucha tulinunua tiketi tatu mpya kwa bei ya siku hiyohiyo. Fedha hizo zilizidi zote tulizobana kwa kulala chumba cha watu wanane. Tangu hapo, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja wetu huonyesha pasipoti na kadi yake mbele ya wenzake, na picha iliyo kwenye simu hatuihesabu kuwa hati.

Dhana: Nauli ndogo ya ndege ndiyo safari ndogo kwa gharama

Bei inayotangazwa humpeleka abiria na mkoba mdogo unaoingia chini ya kiti, na kipimo cha mkoba huo hutofautiana kati ya shirika na shirika. EasyJet, kwa mfano, hukubali sentimita 45 kwa 36 kwa 20. Sanduku dogo la magurudumu, ambalo wengi huliona kuwa mzigo wa mkononi, hulipiwa, na likigunduliwa langoni hulipiwa zaidi kuliko lingelipiwa siku ya kununua tiketi. Kuna pia gharama ya uwanja wenyewe. Uwanja wa Beauvais, unaotangazwa kwa jina la Paris, uko takribani kilomita 80 kutoka mjini. Wa Hahn, uliopewa jina la Frankfurt, uko zaidi ya kilomita 100. Na anayeshuka Girona akidhani amefika Barcelona bado ana kilomita zipatazo 90 mbele yake. Ndege ikitua saa tano usiku, basi la mwisho likishaondoka, teksi ya umbali huo hula nauli ya watu watatu.

Sisi tusio raia wa Ulaya tuna jambo jingine la kuangalia. Mashirika kadhaa ya bei nafuu, likiwamo Ryanair, humtaka abiria asiye raia wa nchi za Ulaya apitie dawati la ukaguzi wa hati kabla ya kuelekea kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama ameshajisajili kwa ndege kupitia intaneti na hana begi la kukabidhi. Asiyelijua hili hufika langoni akiwa na tiketi halali na kurudishwa nyuma wakati mlango unafungwa, na tiketi ya aina hiyo hairudishiwi fedha. Kwa hiyo kundi letu hufika uwanjani saa mbili na nusu kabla, tena sote pamoja.

Mara nyingi treni za mikoani hushinda ndege kwa marafiki wachache. Tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria nchini Ujerumani huwachukua hadi watu watano kwa kulipia mtu wa kwanza na nyongeza ndogo kwa kila anayeongezeka, nayo hukubaliwa hadi Salzburg, ambayo iko Austria. Sharti ni kwamba siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi na haipandishi mtu kwenye treni za mwendo kasi. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufikia euro 63 Januari 2026, nayo ni ya mabasi, tramu na treni za mikoani pekee. Luxembourg imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 29 Februari 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ndani ya nchi hiyo ni bure kwa kila mtu, awe mkaazi au mgeni.

Dhana: Punguzo na viingilio vya bure ni vya raia wa Umoja wa Ulaya tu

Katika dhana zote, hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwafanya watu walipe kile ambacho sheria haikuwadai. Nchini Ufaransa, mtu aliye chini ya umri wa miaka 26 anayeishi kihalali katika nchi za eneo la uchumi la Ulaya, yaani Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, huingia bure kwenye makumbusho na majengo ya kihistoria ya taifa, yakiwamo Louvre, Orsay, Versailles na Arc de Triomphe. Kinachoangaliwa ni makazi. Mwanafunzi kutoka Mombasa au Mwanza anayesoma Leuven, Ubelgiji, huonyesha kadi yake ya ukaazi na kupita, ilhali mtu mzima asiye raia wala mkaazi wa eneo hilo hulipa euro 32 Louvre tangu Januari 2026. Nimesimama kwenye foleni hiyo nikaona wanafunzi wenzetu wakitoa kadi ya benki wakati kadi waliyopaswa kuitoa ilikuwa nyuma yake kwenye pochi ileile.

Italia, kwa upande wake, haifuati kanuni hiyo. Bei ya euro 2 kwenye makumbusho ya taifa kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 25 imewekwa kwa raia wa Umoja wa Ulaya, na kadi ya ukaazi pekee haimtoshelezi mtu kuidai. Njia iliyo wazi kwa wote ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo makumbusho ya taifa na maeneo ya kale kama Colosseum na Pompeii hayatozi kiingilio. Foleni huwa ndefu, na anayefika saa nne hupoteza nusu ya siku. Madrid nayo hufungua makumbusho ya Prado bure kwa saa mbili za mwisho za kila siku, yaani kuanzia saa kumi na mbili jioni Jumatatu hadi Jumamosi na kuanzia saa kumi na moja siku ya Jumapili. Saa mbili hazitoshi kuona vyumba vyote, lakini zinatosha kuzitazama kwa utulivu kazi za wachoraji Velázquez na Goya ukienda moja kwa moja kwenye vyumba vyake.

Hali ni hiyohiyo kwa Interrail, tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 1972. Wengi huambiwa kwamba wao si Wazungu na kwa hiyo wanunue Eurail. Kigezo hapa tena ni makazi: anayeishi Ulaya na kuweza kuthibitisha hivyo hununua Interrail, na Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya. Kabla ya kuinunua, hesabu pia ada za kuhifadhi viti kwenye treni za mwendo kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania, kwa kuwa ada hizo hulipwa kando na kwa kila mtu.

Dhana: Bila kulipa viingilio hakuna cha kuona

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro la Vatikani halitozi kiingilio, na Notre-Dame ya Paris, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa Aprili 2019, pia haitozi. Kuba la kioo la bunge la Ujerumani mjini Berlin hupandwa bure kwa waliojiandikisha mapema kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na hati hukaguliwa mlangoni. Hata maji ya kunywa hayana haja ya kununuliwa kila kona: Roma ina chemchemi za mitaani zinazotiririka mchana na usiku, na mgahawa wa Ufaransa unapaswa kumpa mteja jagi la maji ya bomba bila malipo akiliomba.

Dhana: Mkiwa wengi, kila mmoja hulipa kidogo

Hili ni kweli hadi watu wanne au watano. Wa sita akiingia, teksi moja haitoshi, tiketi ya treni ya watu watano inakuwa mbili, na nyumba ya kupanga kwa siku chache inakuwa ngumu kupatikana. Amsterdam, kwa mfano, hairuhusu nyumba ya mkaazi kupangishwa kwa watalii zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Hosteli nyingi nazo huwa na masharti tofauti kwa makundi makubwa, kama malipo ya awali yasiyorudishwa. Kodi ya watalii husahauliwa katika michango karibu kila safari: Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, miji mingine hutoza kwa kila kichwa kwa kila usiku, na Venice humtoza mgeni wa kutwa euro 5, au 10 akichelewa kujisajili, katika siku maalumu zinazotangazwa kila mwaka.

Lakini gharama kubwa ya kundi hutokana na ukimya. Katika kila kundi yupo ambaye fedha zake ni chache kuliko za wengine na anayeona haya kusema, na wenzake wakichagua mgahawa naye huagiza kama wao, kisha mwezi mzima unaofuata huishi kwa shida. Dawa yake tumeiona ni kukubaliana kima cha juu kabla ya kuchagua mji, na kima hicho kiwe cha yule mwenye kidogo zaidi, kisha kila mtu achangie mfuko mmoja wa malazi, usafiri na chakula cha pamoja, chini ya mtu mmoja anayeandika kila senti mahali ambapo wote wanaona. Anayetaka ziada, kama kupanda mnara au kula samaki wa bei ghali, hujilipia mwenyewe bila mtu kununa.

Dhana: Simu na kadi ya benki hufanya kazi sawa kila mahali

Tangu tarehe 15 Juni 2017 laini ya simu ya nchi ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya nyumbani, lakini Uswisi haimo kwenye mpango huo, na basi linaloikatiza kutoka Ujerumani kwenda Italia laweza kumletea aliyelala na intaneti ikiwa wazi deni asilolitarajia. Kwenye mashine za fedha za Polandi, Ucheki au Hungaria, ukiulizwa kama ukatwe kwa euro au kwa fedha ya nchi hiyo, chagua fedha ya nchi hiyo, kwa kuwa kiwango cha mashine huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Dhana: Mwenye tiketi ya bei ndogo hana haki, na mgeni hana bima

Kadi ya bima ya afya ya Ulaya hupewa pia asiye raia akiwa mwanachama wa bima ya umma ya nchi anayoishi, nayo humwezesha kutibiwa hospitali za umma kwa masharti ya wenyeji akiwa safarini. Mipaka yake ni muhimu: kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya haitumiki Denmark, Iceland, Liechtenstein, Norway wala Uswisi, na huko ndiko bima ya safari ya siku chache inapohitajika.

Kuhusu ndege, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayolinda haki za abiria, haiulizi tiketi ilinunuliwa kwa bei gani. Safari isiyozidi kilomita 1,500 iliyoanzia kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, ikifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, humpa abiria euro 250, na anaposubiri zaidi ya saa mbili hudai chakula na kinywaji. Hali mbaya ya hewa huliondolea shirika fidia, lakini hailiondolei wajibu wa chakula. Hifadhini pasi za kupandia ndege na mwandike madai wenyewe kwa shirika, bila kupitia mawakala wanaokata asilimia yao, na kila mmoja aandike lake, kwa kuwa fidia hii hulipwa kwa kila abiria: marafiki watano waliocheleweshwa pamoja kwa tiketi za euro 20 wana euro 1,250 za kudai.