Je, wajua kwa nini mtu asiyejiunga na chama cha wafanyakazi hukatwa pesa za chama?

Mwishoni mwa mwezi uliopita jirani yangu alinigongea mlango saa mbili usiku, simu mkononi, ndita usoni. Ni kijana fundi wa stima, aliyeajiriwa mwaka jana na shirika moja la huduma hapa Nairobi. Kazi yake ni kupanda nguzo, kubadilisha fyuzi na kufuata zile simu za "huku kwetu stima imepotea tangu jana." Alitaka nimsomee hati yake ya mshahara. Kusoma anajua, tena vizuri. Alitaka mtu wa pili aone alichokiona yeye.

Juu kulikuwa na mshahara, posho ya nyumba, na saa za ziada alizofanya wakati wa mvua. Chini makato yamejipanga kama watu kwenye foleni ya matatu: kodi ya KRA, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, mkopo wa sacco. Halafu, mwisho kabisa, mstari mmoja mfupi: ada ya uwakala.

"Ndugu, mimi sijajiunga na chama chochote," akasema. "Sijatia saini mahali. Nani amewapa ruhusa?"

Jibu fupi ni kwamba ruhusa ilitolewa na Bunge mwaka 2007, katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kifungu cha 49. Nilimwambia hivyo, na kama nilivyotarajia, halikumsaidia kitu. Sheria kuruhusu jambo si sababu ya jambo. Ikabidi nimkumbushe kisa cha askari wa geti la ploti yetu.

Ploti hii ina nyumba 24. Kila nyumba ilikuwa ikitoa shilingi 300 kwa mwezi za askari wa usiku. Kabla kijana huyu hajahamia, mpangaji mmoja wa ghorofa ya tatu aligoma kutoa: yeye hana gari, hana cha kuibiwa, na usiku amelala. Sawa. Lakini askari atalindaje nyumba 23 aiache moja? Filimbi ikipulizwa inasikika ploti nzima. Taa ya geti ikiwaka, inammulikia aliyelipa na asiyelipa. Mwezi wa pili waliogoma walikuwa watano, maana hakuna anayependa kuonekana mjinga anayelipia wengine. Mwezi wa nne askari alichukua rungu lake na redio yake akahamia ploti ya pili.

Chama cha wafanyakazi kiko pale pale alipokuwa askari yule, ila chenyewe kimefungwa na sheria kisihame.

Huanza na kutambuliwa. Ili mwajiri alazimike kukaa mezani na chama, chama kinapaswa kuonyesha kwamba kimepata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Mameneja na wakubwa wengine hawahesabiwi. Tuseme shirika lina mafundi, wasoma mita, makarani na madereva 1,000 wa ngazi hiyo. Wakijiunga 501, chama kimeshinda. Hao 501 watachanga pesa, watakodi mawakili, watatuma wawakilishi vikaoni kwa miezi, pengine mwaka. Mwishowe watatoka na mkataba wa pamoja, ile CBA inayotajwa kwenye habari kila madaktari wakigoma.

Sasa kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mkataba huo unamfunga mwajiri kwa wafanyakazi wake wote wa ngazi hiyo. Wote 1,000. Masharti yake yanaingia ndani ya mkataba wa kazi wa kila mmoja, awe alichangia au aliwacheka waliochangia. Posho ya nyumba ikipanda, inapanda kwa wote. Mkataba ukisema fundi akiitwa kazini usiku wa manane alipwe kiasi fulani, atalipwa hata yule anayesema chama ni cha wazee wasio na kazi. Chama hakiwezi kumwambia mwajiri, "hawa 499 waachie mshahara wa zamani." Na ukiwaza kwa makini, hata chenyewe kisingetaka, maana mwajiri angefurahi sana kubaki na watu 499 wa bei rahisi.

Basi hapo ndipo kifungu cha 49 kinapoingia. Chama chenye mkataba wa pamoja uliosajiliwa mahakamani kinaweza kumwomba waziri anayehusika na leba atoe amri kwamba wale wasio wanachama, lakini wanaokula matunda ya mkataba, wakatwe ada ya uwakala. Chama kimekuwa wakala wao katika mazungumzo, wapende wasipende, na wakala hulipwa. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Neno la kushika hapo ni "uliosajiliwa." Mkataba wa pamoja hupelekwa kusajiliwa katika ile iliyokuwa Mahakama ya Viwanda, ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ndani ya siku 14 tangu ukubaliwe, na unaanza kuwa na meno baada ya kusajiliwa. Wakenya walilijua hilo kwa njia ngumu. Mkataba wa madaktari ulitiwa saini mwaka 2013, na mgomo wao wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 hadi Machi 2017, ulizunguka kwenye karatasi hiyo hiyo ambayo haikuwa imesajiliwa. Kwa hiyo fundi anayeona ada ya uwakala kwenye hati yake ana maswali mawili ya haki kabisa kwa ofisi ya wafanyakazi: mkataba umesajiliwa, na amri ya waziri iko wapi? Bila hayo mawili, mwajiri hana mkono wa kuingiza mfukoni mwake kwa kifungu hicho.

Jirani yangu hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akatoa Katiba. Kweli, ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cha aina yoyote. Ibara ya 41 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na haki ya kugoma, lakini haki si amri. Sasa mtu akikatwa pesa bila kujiunga, si amelazimishwa kwa mlango wa nyuma?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Katiba yetu. Mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford huko Windsor, Kanada, waligoma siku 99, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa kwamba kila mfanyakazi awe mwanachama na ada ikatwe kwenye mshahara. Mambo yakapelekwa kwa jaji aliyeitwa Ivan Rand, naye mwaka 1946 akakata shauri katikati: hakuna atakayelazimishwa kujiunga, lakini kila anayefaidi mkataba atalipa. Wakanada mpaka leo wanauita utaratibu huo kwa jina lake. Sheria yetu imetembea njia hiyo hiyo: kujiunga ni hiari, kulipia si hiari.

Marekani wamekwenda na kurudi. Mahakama yao ya juu iliruhusu ada ya namna hii kwa watumishi wa umma mwaka 1977. Mwaka 2018, katika kesi ya mtumishi mmoja wa jimbo la Illinois, Mark Janus, mahakama hiyo hiyo iliikataza kwa kura tano dhidi ya nne. Majaji wengi walisema kumlipisha mtu asiyekubaliana na chama ni kumlazimisha agharamie maneno asiyoyaamini. Sheria ya leba ya Afrika Kusini ya mwaka 1995 inaruhusu ada, ila inaifungia uzio: isizidi anacholipa mwanachama, iwekwe kwenye akaunti yake ya pekee, na isitumike kulipia uanachama wa chama cha siasa. Mimi nikiulizwa, uzio wa Afrika Kusini ndio ulionivutia zaidi. Mtu asiye mwanachama anaweza kuvumilia kulipia mazungumzo ya mshahara. Kulipia mabango na fulana za kampeni ya mtu ni habari nyingine.

Na hapa pana ncha inayochoma, ambayo wawakilishi wa chama hawapendi kuisema kwa sauti. Anayelipa ada ya uwakala hapigi kura. Viongozi wa chama huchaguliwa na wanachama. Mkutano wa tawi ni wa wanachama. Ukiwa na lalamiko kwamba viongozi wameuza mkataba kwa bei ya njugu, mlango wa kuwaondoa uko ndani ya nyumba ambayo umekataa kuingia. Nilimwambia jirani yangu waziwazi: kwa sasa unalipa nauli halafu unasimama mlangoni, na dereva hakusikii.

"Na nikijiunga, halafu wakaniudhi?"

Utajiuzulu. Sheria imempa mwanachama haki ya kujitoa kwa barua, na mwajiri anapaswa kuacha kukata ada ya uanachama kuanzia mwezi unaofuata. Ila ukitoka, huenda jina lako likaonekana kwenye orodha ya ada ya uwakala, na tumerudi tulikoanzia.

Watu wengi hudhani mambo haya ya kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara yalibuniwa ili kuwaficha wafanyakazi pesa zao zinakokwenda. Historia ya jiji hili inasema tofauti kidogo. Vyama vya watumishi wa huduma za Nairobi vina mizizi ya zamani. Tom Mboya mwenyewe alianzia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji, akajenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa kabla hajawa kiongozi wa shirikisho zima la vyama. Chama kinachotegemea daftari na mkusanyaji anayezunguka siku ya malipo hushinda kikiwinda shilingi, na mkusanyaji mmoja asiye mwaminifu hutosha kukiua. Makao ya COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, pale Digo Road, karibu na Gikomba, yanasimama pia kwa sababu pesa zilipata njia ya kuingia bila mtu kuzishika mkononi. Hasara yake ni kwamba kiongozi ambaye hahitaji tena kukuomba ada hahitaji pia kukueleza alichoifanyia. KETAWU, chama cha wafanyakazi wa sekta ya umeme, kama vilivyo vyama vyote vikubwa, kinaishi na mvutano huo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta jirani yangu kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, yuko na mwenzake wa kazini, buti za wote wawili zina matope mekundu. Walikuwa wametoka kurudisha laini iliyoangushwa na mti. Huyu wa pili hajaajiriwa na shirika. Ni wa mkandarasi. Wanapanda nguzo zile zile, wanashika nyaya zile zile, na wakati mwingine mmoja ndiye anayemshikia mwenzake ngazi. Lakini mkataba wa pamoja unamfunga mwajiri aliyeusaini, kwa wafanyakazi wake. Fundi wa mkandarasi ana mwajiri mwingine. Kwa hiyo hana ada ya uwakala, na hana posho ya kuitwa usiku, wala zile hatua za nidhamu zinazomzuia bosi kumfukuza kwa simu. Ukisikiliza manung'uniko ya vyama vya sekta hii siku hizi, hili la kazi kupelekwa kwa makandarasi halikosekani, na hesabu yake ni rahisi: kila nafasi inayohamia kwa mkandarasi inapunguza idadi ya wanaostahili kujiunga, inapunguza ada, na inamwongezea mwajiri mtu wa kumtuma chama kikigoma.

Jirani yangu alikuwa bado analalamikia makato yake. Akafungua simu, akamwonyesha mwenzake ule mstari wa mwisho. Mwenzake akauangalia, kisha akapandisha macho juu ya hati, polepole, akisoma mstari kwa mstari: posho ya nyumba, saa za ziada, posho ya mazingira hatari. Akauliza hiyo ya hatari ni ya kila mwezi ama ni ya siku za mvua tu.

"Kila mwezi," jirani yangu akamjibu.

Akarudisha simu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa yake. Yeye hana hati ya mshahara. Ana ujumbe wa M-Pesa, na chini yake salio.