Je, wajua kwa nini daktari wa meno hukuambia usukutue kwanza?

Umeshakaa kwenye kiti, taa imekumulika mdomoni, mara unapewa kikombe kidogo cha dawa: sukutua, tema. Wengi hudhani ni kwa ajili ya harufu ya kinywa. Sababu hasa ni mashine inayofuata.

Mashine ya kuchonga jino huweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, huku ikitoa maji ili jino lisiungue. Maji hayo yakikutana na mate na damu hurushwa kama ukungu. Matone makubwa hutua kifuani pako na kwenye miwani ya daktari. Yale madogo kabisa hubaki yakielea chumbani, hata mgonjwa anayefuata aweza kuyavuta. Kifaa kinachotetema cha kuondoa ugaga nacho ni hivyohivyo.

Ndiyo maana mwaka 2020, UVIKO-19 ilipopamba moto, dawa za kusukutua zilianza kutazamwa upya. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na ukichanika huo, hakiambukizi tena. Dawa zenye setilpiridiniamu, kemikali ya kuua vijidudu, huuchana. Povidoni ayodini, ile ya kahawia inayopakwa vidondani, ikizimuliwa kwa kiwango cha kinywa huviharibu virusi kwa njia yake. Hidrojeni peroksaidi, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ilisifiwa sana mwanzoni, lakini mate yana vimeng'enya vinavyoivunja upesi. Kinachoua kirusi maabara si lazima kikiue mdomoni.

Hata dawa nzuri haidumu. Tezi hutoa mate mapya kila dakika, na virusi vya kooni na puani havikuguswa kabisa. Tafiti zilizopo zimepima zaidi idadi ya virusi kwenye mate. Kwamba wahudumu wanaugua mara chache zaidi kwa sababu ya kusukutua huko, bado halijathibitishwa. Kwa hiyo kliniki inayokupa dawa ya kusukutua huku msaidizi hana barakoa wala bomba la kufyonza mate, mimi ningeitilia shaka.

Ukipewa, usiteme haraka: sekunde 30 hadi dakika nzima, ukiizungusha pande zote bila kumeza. Na kama una mimba, una tatizo la tezi ya thairoidi au ayodini hukudhuru, sema kabla hujapokea kikombe. Dawa nyingine zipo.