Wewe uko huku, boti iko kule, bendera ni ya kwingine: karatasi za kuuzia

Kazi yangu ni karatasi za kuuzia boti. Wanaonipigia simu wakiwa wamechoka kuliko wote ni wale wanaoishi nchi moja, boti imefungwa nchi nyingine, na bendera yake, yaani nchi iliposajiliwa, ni ya nchi ya tatu. Kila nchi inadai chake. Mimi huwaambia hivi: maswali ya umiliki peleka kwenye bendera, ya kodi na forodha peleka boti ilipo, ya saini yamalize unapoishi. Ukishayatenga namna hiyo, mzigo unabebeka.

Anza na bendera, tena kabla hujatangaza kwamba unauza. Omba kwa msajili nakala ya kumbukumbu za chombo chako. Usiridhike na cheti kilichomo ndani ya boti, maana cheti kinaweza kuwa na tarehe nzuri huku daftari la msajili bado lina rehani. Niliwahi kumshughulikia mwuzaji aliyemaliza mkopo miaka mingi nyuma. Benki ilimpa barua ya kumaliza deni, akaiweka kabatini, akasahau. Hakuna aliyempelekea msajili fomu ya kufuta rehani. Mnunuzi yuko tayari na pesa zake, na benki ile ilikwisha kumezwa na nyingine! Tulihangaika wiki kadhaa kumtafuta mtu mwenye mamlaka ya kutia saini moja tu.

Madaftari nayo hayafanani. Uingereza, kwa mfano, Sehemu ya Kwanza ya daftari hurekodi umiliki, na chombo hugawanywa hisa 64, desturi ya zamani inayotumika hadi leo. Mkiwa wawili mnaomiliki, wote wawili mnatia saini, hata kama mmoja hajakanyaga boti hiyo miaka yote. Sehemu ya Tatu, ya vyombo vidogo, ni rahisi zaidi lakini haithibitishi kwamba boti ni yako. Isitoshe, ni ya watu wanaoishi Uingereza angalau siku 185 kwa mwaka. Ukihamia nje sifa hiyo imekutoka, na wengi hawalijui hilo mpaka mnunuzi anapouliza. Hapo kinachokuokoa ni mlolongo wa hati za mauzo, mkono kwa mkono, kuanzia kwa mjenzi wa boti hadi kwako. Boti iliyosajiliwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani huuzwa kwa fomu yao CG-1340, na saini ithibitishwe na notari, yaani ofisa wa kisheria anayeshuhudia saini.

Hati ya mauzo ndiyo roho ya shughuli, kwa hiyo isome herufi kwa herufi. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye daftari. Kama pasipoti inasoma vingine kwa sababu ya ndoa, ambatisha cheti cha ndoa. Kisha tuma mtu gatini akapige picha ya namba ya bodi, ile inayoitambulisha boti yenyewe. Huchongwa nyuma, kwenye tezi, upande wa kulia ukielekea omo, yaani mbele. Nimeona herufi O ikiandikwa badala ya sifuri, na hati nzima ikarudishwa.

Usipoweza kusafiri, mpe mtu hati ya uwakala. Iandike kwa boti hiyo moja, itaje namba zake, na iseme wazi kama mwakilishi anaruhusiwa kupokea pesa. Mimi nashauri asiruhusiwe. Pesa zipite akaunti ya amana, zishikwe na mtu wa tatu mpaka mauzo yakamilike. Hati isainiwe mbele ya notari wa mahali unapoishi, kisha iwekwe apostili, muhuri wa kuifanya hati ikubalike nchi nyingine, unaotokana na Mkataba wa Hague wa Oktoba 5, 1961. Kama nchi mojawapo haimo kwenye mkataba huo, utapitia ubalozini, na hiyo ni njia ndefu.

Boti ikiwa Umoja wa Ulaya, swali la kwanza la mnunuzi ni kodi ya ongezeko la thamani. Asiyeishi kwenye Umoja huo anaweza kuweka boti yenye bendera ya nje kwa miezi 18 bila kulipa kodi hiyo. Ukimwuzia mkazi wa huko, msamaha umekwisha: boti inaingizwa rasmi na kodi inalipwa. Mkubaliane mapema nani analipa, na iandikwe kwenye mkataba. Ankara ya kwanza inayoonyesha kodi ililipwa itunze kama hati ya nyumba.

Baada ya kukabidhi, mwandikie msajili siku hiyo hiyo kwamba umeuza. Bendera ikibadilika, mnunuzi atadai cheti cha kufutwa usajili, kwa sababu chombo hakiruhusiwi kuwa na bendera mbili. Namba ya redio pia itabadilika, maana tarakimu 3 za mwanzo kati ya 9 ni za nchi ya bendera. Na lile boya la dharura linaloita setilaiti, tafadhali, liondolewe jina lako. Likilia usiku baharini, waokoaji watakupigia wewe uliyelala nchi nyingine, huku aliyemo majini hawamjui.