Methadoni imetuliza arosto, mbona kokeini bado inamwita?

Mama mmoja wa Ujiji, Kigoma, ana kijana aliye kwenye tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Haya ndiyo maswali yanayomsumbua, nami namjibu.

Heroini ameacha. Mbona bado anatumia kokeini?

Mama, methadoni inafanya kazi yake. Inashika sehemu za ubongo zilizokuwa zikishikwa na heroini, hivyo arosto, yale mateso ya mwili ukikosa heroini, inatulia. Kokeini ina njia nyingine: hupandisha dopamini, kemikali ya raha na hamasa, na methadoni haiizuii.

Basi apewe dawa ya kokeini.

Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa uraibu huo. Tegemeo kubwa ni ushauri nasaha.

Maneno tu? Sisi tumemsema hadi tumechoka.

Pole mama. Mshauri hamsemi, anamuuliza: hamu inakuja saa ngapi, ukiwa na nani, hela ikiwa wapi?

Chukua wavuvi wawili wa dagaa wa Kibirizi. Mmoja hutumia akiwa kazini, asisinzie usiku kucha ziwani. Mwingine anaponea kazini, ila mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, anabaki nchi kavu na hela ya mauzo mfukoni, na marafiki wa zamani wanapita. Huyu wa pili atapanga mapema: hela ashike mkewe, siku hizo aonane na mshauri mara nyingi zaidi, na maneno ya kumkatalia rafiki ayafanyie mazoezi kwa sauti. Atajifunza pia kwamba hamu hupanda kisha hushuka, hata asipoitii. Yule wa kwanza anahitaji mpango tofauti kabisa, kuanzia usingizi wake.

Nasikia kuna wanaopewa zawadi. Ni kweli?

Ndiyo. Katika baadhi ya nchi, kila mkojo ukipimwa na kukutwa hauna kokeini, mtu hupata kitu kidogo papo hapo, kwa mfano vocha ya kununulia mahitaji. Wapo wanaoona huko ni kumlipa mtu kwa wajibu wake. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote: kokeini hulipa sasa hivi, faida ya kuacha huchelewa. Kwa uraibu wa vichangamshi kama kokeini, hakuna njia yenye ushahidi mzito kuliko hii. Zawadi zikikoma wengine huteleza, kwa hiyo mazungumzo yaendelee sambamba.

Akikutwa na kokeini, akatwe methadoni?

Hapana, tafadhali. Arosto itamrudisha kwenye heroini, na mwili ukishapoteza uzoefu wa heroini, kiasi alichozoea zamani kinaweza kumuua. Tangu huduma hii ianze Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi mbele ya mhudumu. Kuja kwake huko ndiko kunakompa mshauri nafasi ya kukaa naye.

Hatari gani tusingoje kesho?

Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, kuzimia, degedege, au usingizi mzito asioamka na pumzi za kuhesabu. Mkimbizeni hospitali ya Maweni au nyingine iliyo karibu, na msifiche: semeni anatumia methadoni na kokeini, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.